Kompyuta Kwenye Stoo ya Mahindi

Niliacha kununua mawe ya dhahabu siku kijana mmoja alipofia juu ya kiroba changu.

Wakati huo nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi kati ya mjini Tarime, mtaa wa Nyamisangura nilikoolewa, na vijiji vya upande wa Kemambo nilikozaliwa, karibu na mgodi mkubwa. Vijana walikuwa wanaruka uzio na kuingia kwenye vifusi vya mgodi, wanapambana na walinzi, wanatoka na mawe mgongoni. Sisi wanawake tuliwasubiri njiani tukiwa na fedha tumezifunga kiunoni. Tulinunua mawe, tukayapeleka kwenye karasha yakasagwa, tukaosha, tukapata tulichopata. Hakuna aliyeuliza kama damu iliyokuwa juu ya jiwe ilikuwa ya nani. Jiwe lenye damu lilioshwa kama mengine.

Siku hiyo makundi mawili yaligombea kiroba ambacho nilikuwa nimeshakilipia. Kijana aliyeniuzia alikuwa bado amekishika upande mmoja ananisaidia kukipandisha kwenye pikipiki. Wenzake wa kijiji kingine wakaja mbio na mapanga.

"Mama, sogea. Hayo mawe tumetoa sisi."

"Nimeshalipa," nikasema.

Nilikuwa bado sijafunga mdomo panga liliposhuka. Mkono wangu wa kushoto ulinyanyuka wenyewe. Sikuwa jasiri, ni mkono tu ulinyanyuka. Nilisikia kama nimepigwa na fimbo. Panga la pili halikuja kwangu. Lilimpata yule kijana shingoni. Alikaa juu ya kiroba taratibu, kama mtu aliyechoka na safari, akanitazama usoni kana kwamba kuna jambo nilitakiwa kumwambia. Kisha akalala. Waliomkata walimsukuma pembeni kwa mguu, wakachukua kiroba, wakaondoka nacho.

Hospitali walinishona, lakini vidole viwili vya mwisho havikurudi kukunja. Mume wangu alikuja moja kwa moja kutoka buchani na aproni yake. Ni mtu anayekata nyama tangu alfajiri kila siku ya maisha yake, lakini alipofunuliwa mkono wangu aligeukia ukutani.

"Hurudi tena kule," alisema akiwa bado anatazama ukuta.

"Sirudi."

Lakini biashara ilikuwa imeshanikaa mwilini. Nilikaa nyumbani nikiosha vyombo kwa mkono mmoja, huku nikiwaza bei ya dhahabu imeamkaje. Ndipo binti wa shangazi yangu, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Migori, alipokuja kuniona. Yeye alikuwa anafanya kazi ofisini na alikuwa na hisa kwenye soko la Nairobi kwa miaka mingi. Alikaa kitandani kwangu akanionyesha kwenye simu yake: benki, kampuni ya saruji, kampuni ya bia. Namba zilikuwa zinabadilika mbele ya macho yetu.

"Sasa wewe, wacha hiyo mambo ya mawe," aliniambia kwa Kiswahili chao. "Hapa unanunua, unauza, na hakuna mtu anakujua sura. Nani atakukata na panga kupitia kwa kompyuta?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonishika. Faida nilikuwa nimeshaiona na kuizoea. Nilichotaka ni biashara ambayo muuzaji na mnunuzi hawakutani.

Simu haikunitosha. Kwa vidole vyangu vilivyobaki nilikuwa nakosea kubonyeza, na mara moja karibu ninunue nilichotaka kuuza. Nikaamua kuweka kompyuta ya mezani nyumbani, yenye kibodi kubwa na skrini mbili: moja ya hisa, nyingine ya bei ya dhahabu ya dunia, maana sikuweza kuacha kuitazama.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vichache na chumba pekee kisichokuwa na mtu kilikuwa stoo ya mahindi ya mama mkwe wangu. Mama huyu alikuwa anaishi nasi tangu afiwe na mumewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mguu mmoja umevimba kwa maradhi ya muda mrefu, na sauti yake ilikuwa inasikika mpaka barabarani. Nilipomwomba stoo alinitazama kwanza mkono, ndipo usoni.

"Mahindi yangu yalale wapi?"

"Tutayahamishia chumbani kwako, mama."

"Nilale na magunia kwa ajili ya televisheni?"

"Si televisheni, mama. Ni kazi."

Hakusema ndiyo. Kesho yake nilimkuta anayaburuta magunia mwenyewe kwa hasira, akikataa kusaidiwa.

Skrini tulizinunua Sirari, mpakani, tukazileta zimefungwa ndani ya godoro ili zisipasuke kwenye mashimo ya barabara. Meza alitengeneza seremala, pana, yenye miguu minene. Nilimwambia aiweke kwenye kona ya ndani, ili nikikaa mgongo wangu uwe ukutani na uso wangu uangalie mlango. Aliniambia mwanga wa dirisha utanipiga machoni. Nikamwambia aiweke hivyo hivyo. Mtu aliyenunua mawe miaka ile hakai akiupa mlango mgongo. Mume wangu naye, bila kuniambia, aliweka panga nyuma ya boksi la kompyuta, kati yake na ukuta. Nililikuta wakati wa kufuta vumbi. Nikaliacha.

Umeme wetu ulikuwa wa kuja na kuondoka, na bei za hisa hazisubiri umeme. Kwa hiyo tulimwita fundi wa umeme wa pale mtaani. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache, aliyewahi kufanya kazi ya kutandika nyaya mgodini kabla ya kupunguzwa. Aliweka betri kubwa na inveta, akachimbia uani nondo ya ethi ya kupeleka radi ardhini, akasimamisha antena ya intaneti juu ya mti mrefu ikielekea mnara wa simu. Alifanya kazi kwa siku kadhaa, na kila mchana mama mkwe alimpikia ugali na dagaa, akakaa naye mlangoni akimuuliza habari za kwao. Nilisikia akimwita "mura" kama anavyowaita wanawe.

Siku ya kuwasha, fundi alisimama nyuma yangu. Kwenye skrini ya pili mstari wa bei ya dhahabu ulikuwa unapanda na kushuka.

"Hiyo ndiyo dhahabu?" aliuliza.

"Hiyo ni bei yake."

"Kwa hiyo hela iko humo ndani."

"Humu kuna namba tu. Hela iko benki."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa uongo wa kiungwana.

Asubuhi ya kwanza ya kununua niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa njiani kwenye mawe. Nilinunua hisa za ile benki, na papo hapo bei ikashuka, vijiti vya kijani vikageuka vyekundu kimoja baada ya kingine. Mkono wangu wa kulia ulikwenda nyuma ya boksi ukashika mpini wa panga. Nilikaa hivyo, nimeshika panga dhidi ya kioo, mpaka nilipojishtukia. Nikaliachia. Nikanywa maji. Jasho lilikuwa limelowesha kiti.

Mambo yalianza kuzungumzwa mtaani. Jirani alikuja kukopa chumvi, akauona mstari wa dhahabu, akaenda kusimulia. Ikasemwa kwamba mke wa mwenye bucha ameunganishwa na mgodi, anaona ndani ya mashimo yao, na dhahabu ya Wakurya inauzwa Ulaya kutokea Nyamisangura. Wakati huo vijana walikuwa wanarudishwa nyumbani kutoka mgodini wakiwa na risasi miguuni, na wengine wakiwa wamefungwa ndani ya blanketi. Kila tulipotoka kwenye msiba wa namna hiyo niliona watu wakinitazama. Mara mbili bati letu lilipigwa mawe mchana kweupe. Mama mkwe alitoka na fimbo yake akawatukana warushaji kwa Kikurya, akawataja baba zao na babu zao, mpaka wakaona aibu wakaondoka. Akarudi ndani akaniambia, "Mgeni wako huyu ana maadui wengi." Kompyuta alikuwa anaiita mgeni wangu.

Kisha ikaja ile Jumapili.

Mume wangu alikuwa anasali ibada ya kwanza halafu anakwenda kufungua bucha. Mimi niliimba kwaya ibada ya pili. Mama alibaki nyumbani kwa sababu ya mguu. Kabla mume wangu hajaondoka tulifunga stoo kwa kufuli, mimi nikiwa nimeshika mlango, mume wangu akizungusha ufunguo.

Tulikuwa katikati ya wimbo niliposikia yowe. Niliitambua sauti kabla sijaelewa. Ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Kwetu yowe si kitu cha kuchezea. Likipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu anatoka na alichonacho, hata akiwa kanisani, hata akiwa anakula. Asiyetoka anatozwa faini na jamii. Na anayelipiga bure naye anatozwa. Kanisa lilimwagika kwa milango yote. Nilikimbia na joho la kwaya, viatu nikiwa nimevishika mkononi.

Niliwakuta bondeni nyuma ya nyumba, kwenye kijito kilichokauka. Njiani nilikuwa nimeruka skrini yangu moja iliyolala kifudifudi barabarani, imepasuka. Watu walikuwa wameshafanya duara. Katikati alikuwa amekaa fundi wa umeme. Boksi la kompyuta lilikuwa pembeni yake, limefungwa kwa shuka ya kitandani kwangu. Jicho lake moja halikuwepo tena mahali pake, na taya lilikuwa limehama. Kila aliyekuwa anafika alikuwa anampiga kwa kile alichokuja nacho, fimbo, jiwe, mguu, kisha anasogea kumpisha mwingine. Hakukuwa na kelele nyingi. Ndicho kilichonitisha zaidi, utaratibu ule. Kijana mmoja alikuwa anashuka bondeni akisukuma tairi kuukuu, mwingine anafungua bomba la mafuta ya pikipiki yake na kuyakinga kwenye chupa ya maji.

"Mama mwenyewe amefika!" mtu akasema. "Mama, hii mashine ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi tumalize."

Tairi lilikuwa limeshafika. Walimvisha, naye hakulikataa. Alilishika kwa mikono miwili kama mtu anayerekebisha shati. Harufu ya petroli ikanifikia.

"Nilimpa mimi," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine.

"Umesema?"

"Mashine nilimpa mimi akaitengeneze. Ilikuwa mbovu."

"Jumapili?"

"Nilimwambia aichukue siku yoyote akipata nafasi."

"Na bibi aliyepasuliwa kichwa?"

Hilo nilikuwa silijui. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na tairi lilikuwa bado shingoni.

"Bibi hakuwa na habari," nikasema. "Watakuwa wamegombania mlango, akaanguka."

Wakati huo mume wangu alikuwa amefika kutoka buchani, na mkononi alikuwa na lile shoka lake la mifupa. Watu wote waligeuka kumtazama yeye. Alijua. Kufuli tulilifunga pamoja. Mama yake alikuwa nyumbani anatoka damu. Alinitazama, akalitazama tairi. Kama angesema neno moja, fundi angewaka, na mimi huenda ningefuata.

"Mashine ni ya mke wangu," alisema hatimaye. "Akisema alimpa, mimi nitabisha nini?"

Mzee mmoja alimvua fundi tairi. Nilidhani imekwisha. Lakini hasira ya watu waliokimbia na silaha huwa haipoi hivi hivi, inatafuta pa kutua. Kijana mmoja, ambaye ndugu yake aliyeletwa kutoka mgodini tulikuwa tumemzika si muda mrefu, alininyooshea kidole.

"Huyu ndiye anayeuza dhahabu yetu kwenye kioo! Ndugu zetu wanakufa, yeye anahesabu! Na leo ametukimbiza kama mbwa!"

Jiwe lilinipata mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika kabla ya maumivu. Nilianguka, nikavutwa joho, nikapigwa mateke ya mbavu na ya mgongo, na ninakumbuka nikijikunja kuuficha mkono wangu mbovu chini ya tumbo. Kisha nikasikia mlio kama wa mfupa wa ng'ombe ukivunjwa, ambao niliujua vizuri. Mume wangu alikuwa amegeuza shoka na kumpiga yule kijana kwa upande wake butu, begani. Akampiga wa pili mguuni. Hakupiga kelele, alipiga kama anavyofanya kazi. Sijui angefika wapi kama gari la askari lisingefika na kufyatua risasi hewani. Watu walitawanyika. Fundi walimbeba. Lile boksi lilibaki bondeni, limekanyagwa likawa bapa, shuka yangu bado juu yake.

Nyumbani tulimkuta mama amekaa kwenye kigoda, kitenge kilichofungwa kichwani kimelowa damu mpaka mabegani. Hakuwa analia.

"Wamemmaliza?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

Mume wangu alinitazama, akatoka nje. Aliniacha nijibu mwenyewe.

"Nimewaambia nilimpa mimi," nikasema. Maneno yalikuwa yanatoka na damu.

"Kwa hiyo nani amepiga yowe la bure? Mimi?"

"Mama..."

"Mimi ni mwendawazimu? Hiki kichwa nimejipasua mwenyewe?"

Alitema mate chini, kati ya miguu yangu na yake, akaingia chumbani kwake kwenye magunia.

Wiki iliyofuata iliitwa ritongo, kikao cha wazee na watu wote wa mtaa, kwenye uwanja wa mpira wa shule. Shitaka lilikuwa la yowe la bure. Mama mkwe alisimama mwenyewe, bandeji kichwani, fimbo mkononi. Nilikuwa nimeomba moyoni anihurumie, anyamaze, aseme macho yamezeeka. Hakufanya hivyo.

"Mimi sijapiga yowe la uongo tangu nizaliwe," alisema, na hakuhitaji kuinua sauti. "Yule fundi namjua, nilimpikia. Alivunja kufuli mbele yangu kwa nondo, na nondo hiyo hiyo akanipiga nayo. Ni mwizi. Mkamwana wangu aliwadanganya, na mwanangu alimfuata. Mkitaka kunitoza mimi, nitozeni, lakini muandike kwamba mmemtoza mtu mkweli."

Watu walinong'ona. Mwenyekiti wa kikao akaniita.

"Mama anasema kweli?"

"Anasema kweli."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Niliona tairi."

"Tairi halikuwa lako."

"Lakini mashine ilikuwa yangu. Angechomwa kwa ajili yake, halafu mimi kila asubuhi nikae mbele yake nifanye biashara. Nisingeweza."

Mzee mmoja alisema kama wanawake wote watafanya hivyo, wezi watakuja kula nasi mezani. Mwingine alisema ni afadhali, maana jicho alishalipa. Walibishana sana, na mwishowe tukatozwa fahali kwa uongo wetu, na matibabu ya wale mume wangu aliowavunja. Fahali alichinjiwa pale pale, na kwa kuwa mchinjaji anayejulikana alikuwa mume wangu, yeye ndiye aliyepewa kisu. Alimchinja ng'ombe wake mwenyewe mbele ya watu waliompiga mke wake. Mimi niligawa nyama. Kijana aliyenirushia jiwe, mkono wake umefungwa shingoni, alipokea kipande chake kwangu kwa mkono uliobaki, akasema, "Asante, mama." Nikamgeukia aliyefuata.

Fundi hatukumwona tena. Tulisikia amevuka mpaka na familia yake.

Mama mkwe aliondoka siku ya pili yake. Alikwenda kwa mwanawe mwingine Machochwe, wilaya ya Serengeti, kwenye mashamba ya pembeni mwa hifadhi. Hakuniaga. Mume wangu alimsindikiza, na aliporudi aliingia stoo moja kwa moja na lile shoka. Hakuwahi kunipiga tangu anioe, wala siku hiyo hakunipiga. Alipasua meza. Alianzia juu, akashuka miguuni, akapasua mpaka vikawa vipande vya kupikia, nami nikiwa nimesimama mlangoni. Alipomaliza alikaa chini kwenye mabanzi, akapumua.

"Uliniweka kati yako na mama yangu," alisema. "Mbele ya mji mzima."

"Najua."

"Usirudie."

"Sirudii."

Vipande hivyo tulivipikia kwa muda mrefu. Mti ule ulikuwa mzuri, uliwaka taratibu.

Baada ya msimu mmoja wa mvua nilikwenda Machochwe peke yangu. Nilifika asubuhi na kulikuta shamba limelala. Tembo walikuwa wameingia, wakala walichotaka na kukanyaga kilichobaki, na ghala walilipindua kama kapu. Mama mkwe alikuwa katikati ya mahindi yaliyovunjika, anayakata kwa panga ili angalau ng'ombe wale majani. Alikata kwa nguvu kama anayempiga mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna panga jingine pale kwenye ghala."

Nililichukua. Tulikata bega kwa bega, mimi kwa mkono wangu mmoja mzima, mpaka jua likapanda.

"Nilikuwa nimemshika," alisema ghafla.

"Nani, mama?"

"Fundi. Nilimshika shati. Akanipiga, sikuachia. Akanipiga mara ya pili ndipo vidole vikafunguka." Alinyoosha mkono akanionyesha jinsi alivyokunja ngumi. "Wazee waliniuliza kama yowe ni la kweli. Wewe uliwaambia watu nilianguka mlangoni. Mwanangu hakuuliza. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilifanya nini mle ndani. Nilipigana, mimi na mguu huu. Kwa ajili ya mgeni wako ambaye hata simpendi."

Nilipiga magoti kwenye mabua. Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Ningemwacha aende na hiyo mashine, nisingekuwa na kovu hili."

"Nisamehe."

"Bado," alisema. "Malizia huo mstari, jua linakuwa kali."

Nililala kwake siku chache. Alinisimulia yale mapambano tena na tena, kila mara akiongeza kidogo: alichosema fundi, alichomjibu, jinsi alivyomng'ata kifundo cha mkono. Nilimsikiliza kila mara mpaka mwisho. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani lakini hakusema kama atarudi.

Alirudi baada ya mavuno, bila kutuma habari. Tulimkuta uani anaelekeza vijana wa mkokoteni mahali pa kushusha magunia ya mtama. Aliyapeleka moja kwa moja stoo, akayapanga mpaka yakafika kiunoni, akafunga mlango na ufunguo akauweka kifuani mwake. Hakuna aliyebisha.

Kwa hiyo kompyuta ya pili niliiweka chumba cha nyuma cha bucha. Ina skrini moja tu, ya hisa. Bei ya dhahabu siitazami tena, nikiitaka naisikia mtaani. Meza ni ndogo na nyaya nilizifunga mwenyewe, na nilikosea mara kadhaa mpaka nikarushwa na umeme. Upande wa pili wa ukuta mume wangu anakata mifupa, na kila shoka linaposhuka kibodi inaruka kidogo. Kuna siku napata na kuna siku napoteza. Ninapopoteza sasa nanyanyuka naenda kupima nyama mpaka moyo utulie.

Mama alikuja mara moja tu kuiona. Aliingia akivuta mguu, akakaa kwenye kreti ya soda, akakitazama kioo.

"Hiyo nyekundu ni nini?"

"Hasara, mama."

"Na kijani?"

"Faida."

Aliinama karibu na kioo, kovu lake likiwa usawa wa macho yangu.

"Leo nyekundu."

"Leo nyekundu."

"Sasa unaikodolea ya nini? Zima, tukapike."

Nikazima.